Mboga za uani ni chakula bora, ila zijue kabla ya kuzichuma

Masika ya mwaka juzi nikiwa zamu ya usiku, nilipokea watoto wawili wa familia moja, mmoja wa miaka sita na mwingine wa minane. Midomo ilikuwa mikavu, ngozi ya moto lakini haina jasho, mboni za macho zimetanuka na moyo unakwenda mbio. Mkubwa alikuwa akizungumza na watu wasiokuwepo. Mdogo alikuwa akinyoosha mikono kushika vitu hewani. Jirani aliyewasindikiza alikuwa akimshauri mama yao awatoe, kwa madai kwamba ugonjwa huo si wa hospitali.

Nilimuuliza mama: jioni wamekula nini?

“Ugali na mnafu, daktari. Nimeuchuma nyuma ya nyumba.”

Tulimwomba baba arudi nyumbani akalete majani yanayofanana na yale yaliyopikwa. Alirudi na mfuko mdogo. Mnafu ulikuwemo kweli, lakini umechanganyika na miche michanga ya mnanaha. Watoto walilazwa siku mbili, wakapona. Mama yule alizaliwa na kukulia mjini, na mnafu alionyeshwa na mama mkwe wake mara moja tu. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu ya chuo, nilikuwa nimesoma dalili za sumu ile vitabuni, lakini mche wake ungeniota mlangoni nisingeujua.

Nimekumbuka kisa hicho kwa sababu mvua zimenyesha na nyuma ya nyumba zetu kumejaa majani. Mengi ni chakula kizuri. Sikutishi uache kuyala, msomaji wangu. Ninakuomba uyajue.

Zipo mboga gani?

Mchicha pori ndio rahisi kuliko zote kuutambua, kwani unafanana na mchicha wa sokoni. Hata ule wenye miiba kwenye shina unaliwa majani yake machanga.

Mgagani majani yake hukaa matatu hadi saba pamoja, kama vidole vinavyotoka kwenye kiganja kimoja. Ukiugusa hunatanata kidogo, na una harufu yake kali. Maua ni meupe na matunda ni vijiti virefu vyembamba.

Mlenda watu wa Dodoma na Singida hawahitaji kufundishwa. Wao huuvuna wakati wa mvua, huukausha na kuuhifadhi kwa ajili ya kiangazi. Ukitaka kukausha, anika kivulini, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A kwa wingi.

Kishonanguo ni ule mmea ambao mbegu zake nyeusi hung’ang’ania nguo ukipita. Majani yake machanga, kabla haujatoa maua, hupikwa kwa kuchanganywa na mboga nyingine.

Mnafu, ambao Wakenya wengi huuita managu, una maua madogo meupe na matunda madogo ya mviringo kama shanga. Majani ndiyo ya kupika. Matunda mabichi ya kijani yana sumu, hivyo yaondoe unapochambua na usiwaache watoto wayachezee.

Adui anayeota pamoja nazo

Mnanaha hupenda udongo uleule: jalalani, kwenye zizi la zamani na pembeni mwa shamba. Ukikomaa hauwezi kukupotea. Ua lake ni kubwa, jeupe au la zambarau, limekaa kama tarumbeta. Tunda lake lina ukubwa wa yai dogo na limejaa miiba. Majani yake ni mapana, kingo zake zina meno makubwa yasiyolingana, na ukiyafikicha yananuka vibaya. Tatizo ni pale mche ukiwa na wiki chache tu, hauna ua wala tunda, na wewe unachuma haraka giza likiingia.

Jambo la kukumbuka ni kwamba sumu ya mnanaha haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kumwaga maji ya kwanza. Mwaka 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na watano walifariki baada ya kula unga wa lishe uliokuwa na sumu za kundi hilihili. Uji ule ulikuwa umepikwa.

Kwa hiyo ninakupa kanuni tatu. Kwanza, chuma mboga uliyoonyeshwa kwa macho na mtu anayeila mwaka hadi mwaka. Picha ya kwenye simu haitoshi. Pili, mmea ambao huna hakika nao, uache hadi utoe ua au tunda. Tatu, chambua jani moja moja juu ya ungo kabla ya kuosha, mchana wa jua. Mama yule alichambua kwa mwanga wa tochi.

Angalia na mahali pa kuchuma. Usichume karibu na shimo la choo, mfereji wa maji machafu, gereji, ukingo wa barabara kubwa au palipopulizwa dawa ya magugu au wadudu. Kuosha huondoa vumbi na sehemu ya vijidudu, lakini madini ya sumu kama risasi yaliyoingia ndani ya jani hayaoshwi.

Jikoni

Osha mara tatu kwa maji mengi kabla ya kukatakata, kwani ukikata kwanza vitamini C hupotea kwenye maji. Mchicha na mlenda vipikwe kwa maji kidogo na muda mfupi. Mgagani na mnafu vikiwa vichungu, chemsha dakika kumi, mwaga maji hayo, kisha unga kwa kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa, tui au maziwa. Mafuta yaliyomo kwenye karanga na tui husaidia mwili kufyonza vitamini A.

Magadi hulainisha mboga haraka, lakini huharibu vitamini na huongeza chumvi. Mwenye shinikizo la damu ayaache kabisa.

Kamulia ndimu kwenye mboga, au kula chungwa baada ya chakula, maana vitamini C husaidia kufyonza madini chuma. Chai na kahawa hufanya kinyume; zisubiri saa moja au mbili.

Nasema hayo kwa sababu upungufu wa damu bado ni mzigo kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Tanzania walikuwa na tatizo hilo. Hata hivyo mjamzito asidanganyike. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 2 za madini chuma, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu ya hizo. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 27 kwa siku. Kula mboga, na vidonge vya kliniki meza kama ulivyoelekezwa.

Wanaotakiwa kuzungumza na daktari kwanza ni wenye ugonjwa wa figo, waliowahi kupata mawe kwenye figo, na wanaotumia warfarin kuzuia damu kuganda. Hawa wa mwisho hawakatazwi mboga za majani, ila kiasi chao kisibadilike ghafla, kwani vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Ikitokea

Mtu akikaukwa mdomo, akaona ukungu, akaanza kuweweseka au kushindwa kukojoa saa chache baada ya kula mboga za kuchuma, mpeleke hospitali mara moja. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa wala mafuta. Beba majani yaliyobaki au mboga iliyo kwenye sufuria. Mfuko mdogo alioleta baba yule ulitupunguzia saa nyingi za kubahatisha.

Baada ya usiku ule nilikwenda kwa mama yangu kijijini. Jumamosi mbili nilitembea nyuma yake na kikapu, naye akinicheka kwa jinsi nilivyokuwa nanusa kila jani. Kama bado una mama, bibi au shangazi anayezijua mboga hizi, mwaka huu toka naye uani kabla mvua hazijakatika, na wachukue watoto wako mwende pamoja.