MAZOEZI NA MAMBO UNAYOPENDA NI SEHEMU YA AFYA YAKO



Watu wengi wanaofika kwenye vituo vya afya hueleza shida zinazofanana. Usingizi hauji, kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unakwenda mbio, mawazo ni mengi. Mara nyingine vipimo havionyeshi malaria wala ugonjwa mwingine. Ukimwuliza mtu kama huyo siku yake inapitaje, hujibu neno moja: "Nasubiri." Anasubiri kuitwa kwenye mahojiano, anasubiri jibu la faili lake, anasubiri mgawo, anasubiri amani irudi nyumbani.

Makala hii inaeleza kwa nini mazoezi ya mwili na mambo unayoyapenda, kama mpira, kuimba, kufuma au kucheza mweso, si anasa ya watu wenye fedha. Inaeleza pia jinsi ya kujiwekea lengo dogo unaloweza kulitimiza hapa hapa ulipo.

KWA NINI JAMBO HILI LINAHUSU AFYA?

Kwanza, mwili. Mtu anayetembea haraka au kucheza mara kwa mara huimarisha moyo, misuli na mifupa. Hupunguza hatari ya kupata presha ya kupanda na ugonjwa wa kisukari wa ukubwani. Usiku hulala vizuri zaidi.

Pili, akili. Imethibitishwa kwamba mazoezi ya mara kwa mara hupunguza wasiwasi na huzuni. Hayaondoi sababu ya huzuni, lakini humpa mtu nguvu ya kuibeba.

Tatu, kule kusubiri kwenyewe. Maamuzi makubwa ya maisha ya mkimbizi yako mikononi mwa watu wengine. Huwezi kuliharakisha faili lako. Lakini kuruka kamba mara 50 wiki hii na mara 80 wiki ijayo, hilo liko mikononi mwako. Mtu anayekaa miaka mingi bila jambo hata moja analoliamua mwenyewe huanza kuamini kwamba hana uwezo wowote. Lengo dogo likitimia, humwonyesha kwamba uwezo bado anao.

JE, WAJUA?

Kupoteza hamu ya mambo uliyoyapenda zamani ni moja ya dalili za ugonjwa wa huzuni kubwa. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hufurahii chochote, hulali, huli vizuri au unajiona huna thamani, usikae kimya. Nenda kituo cha afya ukaeleze. Ukiwa na mawazo ya kujiua, nenda siku hiyo hiyo, au mwambie mtu akusindikize. Huu ni ugonjwa kama mengine na una matibabu.

MIFANO KUTOKA KAMPALA

Kampala kuna wakimbizi wengi. Wacongomani wengi wanaishi Katwe na Nsambya, Wasomali wengi wako Kisenyi. Kwa kawaida wakimbizi wa mjini hawapati mgawo wa chakula, na kodi ya nyumba hulipa wenyewe. Mtu angesema hawana nafasi ya michezo. Tuone yaliyotokea.

Mwaka 2007 vijana wakimbizi kutoka Congo, mmoja wao akiitwa Robert Hakiza, walianzisha kikundi kinachoitwa YARID mjini Kampala. Mpira wa miguu ulikuwa kati ya shughuli zao za kwanza. Vijana wa makabila na nchi mbalimbali, ambao huko walikotoka pengine wasingekaa pamoja, walikutana uwanjani. Walipozoeana walianza kuzungumza juu ya shida zao. Ikaonekana kwamba wengi hawajui Kiingereza na kwa hiyo hawapati kazi. Hapo yakaanza masomo ya Kiingereza, na baadaye mafunzo ya akina mama ya kushona. Tunaona kwamba mchezo ulikuwa mlango, na mengine yaliingia kupitia mlango huo.

Katwe hiyo hiyo, mwaka 2004, kocha Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaani mchezo wa chesi. Watoto wengi walikuja kwanza kwa sababu ya kikombe cha uji. Mmoja wao alikuwa Phiona Mutesi, msichana aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa karo. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya chesi ya dunia huko Urusi, na mwaka 2016 habari zake zilitolewa katika filamu.

Wazee watamkumbuka John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda. Mwaka 1972 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Munich, mbio za mita 400 za kuruka viunzi, kwa sekunde 47.82. Ilikuwa rekodi ya dunia wakati huo, na dhahabu ya kwanza ya Uganda. Mwaka 1979, wakati wa vita vilivyomwondoa Idi Amin, bingwa huyo alikimbilia Kenya na kuwekwa katika kambi ya wakimbizi. Baadaye alifika Ujerumani, kisha akarudi Uganda akawa kocha. Kupoteza nyumba na nchi hakukumpotezea ujuzi wake, na ujuzi huo aliwafundisha wengine.

Usisome mifano hii ukadhani kwamba lengo ni kuwa bingwa. Wengi waliocheza mpira ule hawajulikani popote. Walichopata ni afya, marafiki na siku yenye mpango.

KIASI GANI KINATOSHA?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri hivi:

- Watu wazima: angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yaani kama dakika 30 kwa siku, siku 5. Ukifanya mazoezi mazito kama kukimbia, dakika 75 zinatosha. Siku mbili kati ya hizo fanya pia mazoezi ya kuimarisha misuli.
- Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17: wastani wa dakika 60 kila siku. Kwao kucheza ni mazoezi.
- Wazee wa miaka 65 na kuendelea: kama watu wazima, pamoja na mazoezi ya kusimama imara siku 3 kwa wiki, ili wasianguke.

Si lazima dakika zote zifuatane. Dakika 10 asubuhi na 20 jioni ni sawa. Na ukishindwa kufikia kiasi hiki, kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa.

Utajuaje kwamba zoezi ni la wastani? Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, ni la wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, ni zito.

KAZI ZA KILA SIKU NAZO ZINAHESABIWA

Kulima, kutafuta kuni na kuchota maji ni mazoezi. Jerikani ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Mama anayebeba jerikani nne kwa siku na kulima asubuhi hahitaji kuambiwa akimbie. Anachohitaji ni kunyoosha mgongo, kupumzika, na nusu saa ya kufanya jambo analolipenda yeye mwenyewe: kufuma, kusuka kikapu, kuimba kwaya, kukaa na wenzake.

Kijana au baba anayekaa kivulini tangu asubuhi ana shida tofauti. Huyo anahitaji kutikisa mwili. Kama anatafuta mazoezi, jerikani zipo. Akimsaidia mama kuchota maji, watu wawili wamepata afya kwa safari moja.

JINSI YA KUJIWEKEA LENGO

1. Chagua jambo moja tu. Jiulize: kabla ya kukimbia, nyumbani nilipenda nini? Anzia hapo.

2. Lifanye liwe dogo, tena la kuhesabika. "Nataka kuwa na afya nzuri" si lengo. "Nitatembea haraka dakika 10 Jumatatu, Jumatano na Ijumaa" ni lengo.

3. Liunganishe na jambo unalofanya kila siku. Kwa mfano, ukishawafikisha watoto shuleni, rudi kwa njia ndefu.

4. Tafuta mwenzako. Siku wewe umechoka, yeye atakugongea mlango.

5. Weka alama. Chora mstari kwa chaki ukutani, au tia jiwe ndani ya kopo kila siku uliyotimiza. Mwisho wa wiki hesabu.

6. Ukikosa siku moja, endelea kesho. Usijilaumu, wala usifanye mara mbili ili kulipa.

Huu ni mfano wa mtu anayeanza kutembea:
Wiki ya 1 na 2: dakika 10, siku 3.
Wiki ya 3 na 4: dakika 15, siku 4.
Wiki ya 5 na 6: dakika 20, siku 5.
Wiki ya 7 na 8: dakika 30, siku 5. Hapo umefikia dakika 150.

MAMBO YASIYOHITAJI FEDHA

- Kuruka kamba. Kamba ya kufungia mizigo inatosha.
- Mpira wa matambara au wa magamba ya mgomba.
- Mweso. Chimba mashimo 32 ardhini, mistari minne ya mashimo manane, utafute mbegu au vijiwe 64. Wanyarwanda wanauita igisoro, Warundi ikibuguzo, na watu wa pwani wana bao. Ni mchezo mzuri wa kuwakutanisha wazee wa jamii mbalimbali.
- Ngoma na kwaya. Kucheza ngoma kwa nusu saa ni mazoezi kamili.
- Bustani ya gunia mlangoni. Utapata mazoezi na mboga pia.

Kwa walioko Kampala, vilima vya mji ni mazoezi ya bure. Lakini kaa mbali na barabara kubwa zenye magari, boda boda na vumbi. Akina mama na wasichana waende wawili wawili au zaidi, na wasitembee gizani.

TAHADHARI

- Usifanye mazoezi ukiwa na homa, unahara au unatapika.
- Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kushindwa kupumua, acha mara moja uende kituo cha afya.
- Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aongee kwanza na mhudumu wa afya. Usiache dawa zako kwa sababu umeanza mazoezi.
- Mama mjamzito asiye na tatizo anaweza kutembea na kufanya kazi nyepesi. Akitokwa na damu au kupata maumivu ya tumbo, aende kituoni haraka.
- Mwenye ugonjwa wa sikoseli (selimundu) anywe maji mara kwa mara na asijichoshe.
- Kunywa maji safi na salama kabla na baada ya mazoezi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Swali: Mgawo umepungua, nakula mara moja kwa siku. Je, nifanye mazoezi?
Jibu: Ni kweli kwamba mgawo wa chakula Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Ukiwa na njaa usikimbie wala usibebe mizigo mizito kwa ajili ya mazoezi. Tembea polepole dakika 10 au 15, saa moja au mbili baada ya kula, au chagua jambo la kukaa kama mweso, kufuma au kuimba. Ukiona unakonda bila sababu, au mtoto wako anakonda, nenda ukapimwe.

Swali: Nimefiwa na ndugu vitani. Nikicheza, watu watasema nimesahau.
Jibu: Heshimu siku za msiba kama mila au dini yako inavyotaka. Baada ya hapo, kuimba au kucheza mpira si kuwasahau waliokufa. Waliobaki, hasa watoto, wanakuhitaji ukiwa na nguvu.

Swali: Nina ulemavu wa miguu. Makala hii inanihusu?
Jibu: Inakuhusu. Ukiwa umekaa unaweza kuinua chupa zilizojaa maji au mchanga, kunyoosha mikono na kuzungusha mabega. Mwombe mhudumu wa afya akuonyeshe mazoezi yanayokufaa.

Swali: Mume wangu anasema kwaya inanipotezea muda.
Jibu: Mweleze kwamba ni sehemu ya afya yako, kama vile yeye anavyokwenda kutazama mpira. Kubalianeni siku na saa, na nani atabaki na watoto. Ikiwa kuna vitisho au kupigwa, waone wafanyakazi wa ulinzi au kituo cha afya. Utasikilizwa kwa siri.

KUMBUKA

Kinga ni bora kuliko tiba. Hatujui faili litajibiwa lini, wala hatuwezi kukuahidi. Lakini jibu likija, liwe la kwenda, la kubaki au la kurudi, litamkuta mtu, na mtu huyo atahitaji mwili wenye nguvu na akili iliyotulia. Chagua jambo moja leo, liwe dogo, ulianze wiki hii.

Kwa maelezo zaidi, muone VHT wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukimaliza kusoma, mpe jirani, au msomee asiyejua kusoma.