Je, Wajua? Kuvu Kwenye Ngozi ya Mbwa Mkubwa

Je, wajua kwamba mashilingi, yale mabaka ya mviringo yanayonyonyoa manyoya, hayaletwi na mnyoo wala mdudu? Ni kuvu. Ile inayowapata mbwa mara nyingi, Microsporum canis, hufugwa hasa na paka. Ukiona Rottweiler wako ana mabaka na paka wa jikoni anang'aa, usimwache paka nje ya uchunguzi. Anaweza kubeba spora bila kuonyesha dalili hata moja.

Je, wajua kwamba kuvu nyingine, Nannizzia gypsea, huishi udongoni? Humpata mbwa mwenye tabia ya kuchimba, ndiyo maana mara nyingi huanzia puani na kwenye miguu ya mbele. Panya nao wana yao.

Na ndama? Ule ukoko wa kijivu unaozunguka macho ya ndama, unaojulikana sana na wafugaji wa Njoro, Molo na Subukia, ni kazi ya Trichophyton verrucosum. Mbwa anayelala zizini anaweza kuambukizwa, na mtoto anayemnywesha ndama maziwa vilevile. Norway ilianza kuchanja ng'ombe wake mwishoni mwa miaka ya 1970, na ugonjwa huo ukakaribia kutoweka nchini humo.

Je, wajua kwamba kuvu inayompa mbwa mkubwa ule uvundo wa masikioni na kati ya vidole iligunduliwa kwenye kifaru? Mwaka 1925 Mmarekani Fred Weidman aliielezea baada ya kuipata kwa kifaru wa India aliyekuwa akibambuka ngozi. Leo inaitwa Malassezia pachydermatis. Vifaru wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru wasilaumiwe: wao ni weusi na weupe wa Afrika, na mbwa hahitaji kifaru ili augue. Kuvu hii huishi kwenye ngozi ya mbwa mzima kabisa, tangu utotoni, bila ugomvi. Huzidi pale ngozi inapobaki na unyevu, au mbwa akiwa na mzio wa viroboto au chakula. Hapo ngozi huwa na mafuta, nyekundu, kisha nyeusi na nene. Ndugu zake wa karibu ndio wanaohusika na mba kichwani mwa binadamu.

Kwa kuwa mzio wa viroboto huifanya kuvu hii izidi, dawa ya pareto, ambayo kiwanda chake kiko Nakuru mjini, ina nafasi yake: haiui kuvu, lakini inaua viroboto. Kwa mbwa mwenye mzio wa viroboto, huo ni msaada mkubwa kuliko shampuu nyingi.

Mwaka huohuo wa 1925 madaktari walianza kutambua mashilingi kwa taa ya Wood, inayotoa mwanga wa urujuanimno. Unywele wenye Microsporum canis hung'aa kijani gizani. Kuvu ya ndama haing'ai, wala ile ya udongoni. Kwa hiyo taa ikikosa kuonyesha kitu, mbwa hajaachiliwa huru. Sampuli ya nywele na magamba lazima ioteshwe maabara, na majibu huchukua wiki moja hadi tatu. Zile tochi za bei rahisi za kukagulia noti bandia, tafadhali, ziacheni dukani.

Je, wajua kwamba mabaka mengi ya mviringo kwa mbwa si mashilingi hata kidogo? Ni bakteria, au vidudu vidogo vya Demodex vinavyoleta upele. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Mtu ananunua amitrazi ya kuogeshea ng'ombe, anampaka mbwa mwenye kuvu: dawa hiyo huua vidudu na kupe, kuvu inabaki ilipo, na ikichanganywa kali mbwa analegea na mapigo ya moyo yanapungua. Oili chafu ya gari ni sumu kabisa, maana mbwa hujilamba. Krimu ya binadamu yenye steroidi nayo hutuliza mwasho kwa siku chache huku kuvu ikienea chini kwa chini.

Sasa hesabu. Dawa za kumeza hupimwa kwa uzito, na hapo ndipo mbwa mkubwa anapomtoa mwenyewe jasho. Itrakonazoli kwa kawaida hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo. Paka wa kilo 4 atahitaji miligramu 20; Boerboel wa kilo 60 atahitaji 300, yaani kapsuli tatu za miligramu 100 kila siku. Kwa wiki tatu ni kapsuli 63. Lakini je, wajua kwamba dawa hii hukaa ndani ya ngozi siku kadhaa baada ya kumezwa? Ndiyo maana kwa Malassezia daktari anaweza kuitoa siku mbili mfululizo kila wiki, kwa wiki tatu. Hapo kapsuli zinashuka hadi 18. Ni swali la kumuuliza daktari kabla ya kulipa. Uzito wa kukisia haufai. Kama mizani ya kliniki ni ndogo, ile ya kupimia magunia ya mahindi inatosha.

Griseofulvini, dawa ya zamani zaidi, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na jike mwenye mimba hapewi kamwe. Hudhuru watoto tumboni.

Shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli, asilimia 2 kila moja, huogeshwa mara mbili kwa wiki kwa Malassezia. Povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Kisha mkaushe German Shepherd wako hadi kwenye manyoya ya ndani, hasa mvua za Machi hadi Mei zinaponyesha, na ukanda wa shingoni uvuliwe.

Je, wajua kwamba spora za Microsporum canis zinaweza kuishi kwenye manyoya yaliyodondoka hadi miezi 18? Fagia banda, sugua kwa sabuni, ndipo upake Jik, sehemu moja kwa kumi za maji. Jik juu ya uchafu ni kazi bure.

Na siku ya kwenda kwa daktari, usimwogeshe mbwa asubuhi hiyo wala usimpake chochote, maana utaosha ushahidi. Beba pakiti za dawa zote ulizokwisha kumpa, hata ile unayoionea aibu.