Unauza nyumba unayoishi? Fahamu ushuru unaokuhusu

Wakazi wengi hufika katika afisi za ardhi za kaunti wakiwa tayari wamekubaliana bei na mnunuzi, ndipo wanapoambiwa kuwa kuna ushuru wa faida. Wengine wangeweza kusamehewa ushuru huo iwapo wangejua masharti mapema.

Ushuru huu hutozwa faida inayopatikana mtu anapouza ardhi, nyumba au hisa za kampuni ambayo haiko katika soko la hisa. Ulisimamishwa mwaka wa 1985, ukarejeshwa Januari 2015 kwa kiwango cha asilimia 5. Tangu Januari 1, 2023, kiwango ni asilimia 15.

Ushuru huu si wa kaunti. Hukusanywa na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kwa niaba ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti hutoza kodi ya ardhi ya kila mwaka, na muuzaji anahitaji cheti cha kuonyesha kuwa hana deni la kodi hiyo. Ushuru wa stempu nao hulipwa na mnunuzi: asilimia 4 ya thamani katika maeneo ya miji na asilimia 2 mashambani.

Nani husamehewa?

Sheria ya Ushuru wa Mapato inamsamehe mtu binafsi anayeuza makao yake, mradi ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia mauzo. Maneno mawili yana uzito hapa: "mfululizo" na "inayotangulia". Mfanyakazi aliyeishi katika nyumba yake mjini kwa miaka 20, akastaafu, akarudi mashambani na kuipangisha, kisha akaiuza mwaka mmoja baadaye, hatimizi sharti hilo. Anayepanga kuhama na kuuza anashauriwa kulifikiria jambo hili kabla ya kumkabidhi mpangaji funguo. Nyumba iliyosajiliwa kwa jina la kampuni pia haihesabiwi kuwa makao ya mtu binafsi.

Misamaha mingine ni pamoja na:

• Ardhi inayouzwa na mtu binafsi kwa bei isiyozidi Sh3 milioni.
• Shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa na miji.
• Mali inayohamishwa kati ya mume na mke.
• Mali ya marehemu inayohamishwa katika usimamizi wa mirathi ndani ya miaka miwili tangu kifo, au muda ulioongezwa kwa maandishi na Kamishna wa ushuru.

Hesabu hufanywaje?

Ushuru hautozwi bei yote, bali faida peke yake. Chukua mfano wa nyumba iliyonunuliwa kwa Sh4 milioni, gharama za wakili na usajili zikiwa Sh200,000. Baadaye mwenyewe aliongeza vyumba kwa Sh1.5 milioni. Jumla ya gharama zake ni Sh5.7 milioni. Sasa ameiuza kwa Sh9 milioni, na gharama za kuuza ni Sh300,000. Anabaki na Sh8.7 milioni. Faida ni Sh3 milioni, na ushuru wake ni Sh450,000.

Iwapo hana stakabadhi za ujenzi wa vyumba hivyo, faida itahesabiwa kuwa Sh4.5 milioni na ushuru utapanda hadi Sh675,000. Karatasi zilizopotea zitakuwa zimemgharimu Sh225,000. Na kama ametimiza sharti la miaka mitatu, hadaiwi chochote.

Ushuru hulipwa lini?

Muuzaji hujaza fomu katika tovuti ya iTax kwa kutumia PIN yake. Ushuru unapaswa kulipwa siku ya kupokea bei yote au siku ya kusajiliwa kwa uhamisho wa mali, kutegemea ipi itatangulia. Msamaha nao haujitokezi wenyewe. Muuzaji ndiye anayepaswa kuudai na kuuthibitisha.

Wakazi wajihadhari na ushauri wa kuandika bei ya chini katika mkataba. Kutoa taarifa ya uongo kuhusu ushuru ni kosa la jinai. Mnunuzi naye huumia siku atakapouza, kwa kuwa bei hiyo ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yake, na faida yake itaonekana kubwa kupita kiasi.

Kabla ya kuuza, weka tayari:

• Hatimiliki na mkataba wa ununuzi wa awali.
• Stakabadhi za ujenzi na ukarabati, na za malipo ya wakili na mthamini.
• Ushahidi wa kuishi humo, kama vile bili za maji na stima za miaka mitatu kwa jina lako.
• Cheti cha kutokuwa na deni la kodi ya ardhi kutoka kwa kaunti.

Kwa maswali kuhusu kodi ya ardhi, fika katika afisi ya ardhi ya kaunti iliyo karibu nawe. Kuhusu ushuru wa faida, wasiliana na afisi ya KRA au wakili wako kabla ya kutia sahihi mkataba.