Neva ya Jicho kama Sehemu ya Ubongo: Suala la Istilahi na la Huduma

Neno mshipa limebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili: hutaja njia ya damu, hutaja kano, na hutaja pia njia ya fahamu. Mgonjwa anayeambiwa kwamba mshipa wa jicho lake umeharibika ana haki ya kudhani kuwa damu haipiti, au kwamba kuna uzi uliokatika ambao daktari hodari ataweza kuuunga. Dhana zote mbili ni potofu, na upotofu huo humgharimu mgonjwa.

Retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, huchipuka kutoka katika ubongo mimba ingali na umri wa wiki chache. Seli zake zinazopokea nuru hukaribia milioni 100, ilhali nyuzi zinazotoka jichoni ni kama milioni moja tu. Kwa hiyo retina huchuja kabla ya kupeleka; kinachosafiri si picha, bali ni taarifa za tofauti ya mwanga, rangi na mwendo. Mahali nyuzi hizo zinapotokea hapana seli ya kupokea nuru, jambo lililobainishwa na Mfaransa Edme Mariotte katika karne ya 17. Hata hivyo, watu hawaoni doa lolote mbele yao, kwani ubongo hulijaza pengo.

Chini ya ubongo, neva mbili hukutana kwenye njiapanda. Nyuzi za upande wa pua huvuka. Za upande wa masikio hazivuki. Hivyo nusu ya kushoto ya mandhari, ionwayo na macho yote mawili, huishia upande wa kulia wa ubongo, ikipitia thalamasi hadi kisogoni. Mpangilio huu humwelekeza tabibu: upofu wa jicho moja humrudisha mbele ya njiapanda, kupotea kwa pande za nje za macho yote mawili humfanya ashuku uvimbe wa tezi ya pituitari, kupotea kwa nusu ileile katika kila jicho humpeleka nyuma zaidi, mara nyingi kwenye kiharusi.

Glakoma huishambulia neva yenyewe. Jina lake la mitaani, presha ya macho, linapotosha mara mbili: wengi hulichanganya na shinikizo la damu, na ugonjwa wenyewe waweza kuharibu neva hata shinikizo la jicho likiwa la kawaida. Uoni wa pembeni hutangulia kupotea, na ubongo, kwa ustadi uleule wa kujaza mapengo, huficha hasara. Nyuzi zilizokufa hazioti tena, kama zisivyoota za uti wa mgongo. Mwezi Mei 2023 madaktari wa New York walipandikiza jicho zima; lilipata damu na kubaki hai, lakini halikuona.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine: lenzi hubadilishwa, nuru ikarudi. Mafanikio hayo yamewafundisha watu kusubiri operesheni, na anayesubiri hivyo akiwa na glakoma hupoteza kisichorudishwa. Kupima shinikizo peke yake hakutoshi. Sharti kichwa cha neva kitazamwe kupitia mboni. Penye mtoto wa jicho mzito hata hilo haliwezekani, ndiyo maana wapo wanaofunguliwa bandeji baada ya lenzi mpya na kukuta giza lilelile, kwa kuwa neva ilikuwa imekwisha kufa nyuma ya ukungu.