Pikipiki za theluji zilizotumika: klachi husema asichosema muuzaji

Machi na Aprili ni miezi ambayo bei ya pikipiki za theluji zilizotumika hushuka pande zote mbili za mpaka wa Marekani na Kanada. Theluji inayeyuka, wenye mashine wanataka nafasi gereji, na mfanyabiashara mwenye trela na fedha mkononi anaweza kununua Quebec akauza Vermont, au akanunua Minnesota akauza Ontario. Kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko huko, anayeombwa kubeba mashine mbili tatu au anayetamani kununua zake za kuuza, ugumu ni kwamba chombo hiki hakukua nacho.

Wanaopata hasara mara nyingi ni wale wanaonunua kwa kutazama mambo mawili tu: kasi inayotajwa kwenye tangazo, na sifa kwamba klachi imebadilishwa ili mashine iende mbio zaidi. Jambo la kwanza halina maana kubwa kwa mnunuzi wa kawaida. La pili linaweza kuwa faida, lakini pia linaweza kuwa pazia la kufunika injini iliyochoka.

Nani anatengeneza nini

Pikipiki ya theluji ina ski mbili mbele za kukatia kona, na nyuma ina ukanda mpana wa mpira wenye meno unaoisukuma. Ski-Doo hutoka kampuni ya BRP yenye makao yake Valcourt, Quebec, mji ambako Joseph-Armand Bombardier alitoa Ski-Doo ya kwanza mwaka 1959. Polaris ni ya Roseau, Minnesota, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Kanada, na Arctic Cat ni ya Thief River Falls katika jimbo hilo hilo. Yamaha ya Japani iliingia mwaka 1968, ikatangaza mwaka 2023 kwamba inajitoa, na toleo lake la mwisho likawa la mwaka 2025. Kujitoa huko hakuzifanyi mashine zake kuwa mbovu, ila anayezinunua kwa ajili ya kuuza aulize kwanza vipuri vinapatikana umbali gani na kwa siku ngapi.

Katika soko la mashine za mbio, majina yanayotajwa sana ni Ski-Doo MXZ na Renegade zenye injini ya 850 E-TEC iliyoanza na toleo la 2017, Polaris za fremu ya AXYS kuanzia 2015 na Matryx kuanzia 2021, pamoja na Yamaha Sidewinder na pacha wake Arctic Cat Thundercat. Hao wawili wanatumia injini moja ya Yamaha ya sentimita za ujazo 998, silinda tatu, yenye tabo.

Kasi ya tangazo na kasi ya njiani

Kwa mbio za moja kwa moja kwenye barafu ya ziwa, Sidewinder na Thundercat ni vigumu kuzishinda. Injini yao hupimwa zaidi ya nguvu za farasi 200, wakati 850 E-TEC ilipoanza ilitajwa kuwa na 165. Tofauti hiyo haifichiki baada ya mita mia chache za kwanza.

Lakini ni wanunuzi wangapi wanaokwenda kushindana ziwani? Wengi hutembea kwenye njia rasmi za theluji, na huko sheria ni kali. Ontario kikomo cha kawaida cha njia hizo ni kilomita 50 kwa saa, Quebec ni 70, na Minnesota ni maili 50, yaani kilomita 80. Mashine inayopita kilomita 160 kwa saa haitapata nafasi ya kuonyesha hayo bila kumtafutia mwenyewe kesi. Anachokisikia mpanda njia ni jinsi inavyochomoka kutoka kwenye kona, na hilo linategemea uzito na klachi kuliko ukubwa wa injini.

Halafu kuna suala la kipimo. Spidomita ya pikipiki ya theluji husoma mzunguko wa ukanda wa mpira, na ukanda huteleza. Kwenye barafu unaweza kuzunguka kwa kasi kubwa kuliko mwendo wa chombo chenyewe. Picha ya spidomita kwenye tangazo kwa hiyo si ushahidi. Muuzaji mwenye picha ya kipimo cha GPS amejitahidi, ingawa bado mtu atauliza siku hiyo barafu ilikuwaje na mpandaji alikuwa na kilo ngapi.

Klachi inavyofanya kazi

Pikipiki ya theluji haina gia za kubadilisha. Anayejua skuta zisizo na gia zinazopita katika mitaa ya Dar es Salaam au Mombasa tayari anaujua mfumo huu, tofauti ni ukubwa wa nguvu tu. Kuna klachi mbili zilizounganishwa kwa mkanda wa mpira. Ya kwanza imefungwa kwenye krenki ya injini. Ndani yake kuna springi inayotenganisha sahani mbili, na vyuma vya uzito ambavyo injini ikizunguka hutanuka na kuzibana sahani hizo. Zikibanwa, mkanda hupanda juu na chombo hupata mwendo. Klachi ya pili, upande wa ukanda wa kusukuma, ina springi yake na kipande chenye mteremko kinachoitwa heliksi, ambacho huhisi mzigo na kuurudisha mkanda chini chombo kinapopanda kilima au kuingia theluji nzito.

Kazi yote ya mfumo huu ni moja: kuiacha injini izunguke mahali pale pale inapotoa nguvu nyingi zaidi, chombo kikiwa kwenye mwendo wowote. Kwa 850 E-TEC mahali hapo ni karibu mizunguko 8,000 kwa dakika. Kila injini ina namba yake, na imeandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji.

Vyuma vikiwa vizito, injini hushuka chini ya namba hiyo. Vikiwa vyepesi, hupita juu. Springi ngumu ya klachi ya kwanza huchelewesha mkanda kushika, ndiyo maana mashine za kushindana hupiga kelele kwanza kisha zikaruka. Heliksi yenye mteremko mkali hupandisha mwendo haraka lakini huvuta mizunguko chini. Yenye mteremko mdogo hurudisha nguvu upesi kwenye kona na vilima. Vifaa hivi vyote huuzwa kama kifurushi, na mtu mwenye subira anaweza kuvifunga mwenyewe.

Hapa ndipo urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari unapoingia. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Sehemu kubwa ya Minnesota iko kwenye mita mia chache tu, lakini milima ya Colorado ambako watu hupanda inafika mita 3,000. Injini iliyopanda huko imepungukiwa na zaidi ya robo ya nguvu zake, kwa hiyo mwenyewe hufunga vyuma vyepesi ili izunguke inavyotakiwa. Mashine hiyo ikirudishwa Ontario bila kubadilishwa, injini itapaa juu ya kiwango na mkanda utateketea mapema. Mwenye kuuza anaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba klachi yake iliwekwa na fundi bingwa. Bingwa aliiwekea milima, si tambarare.

Pazia linapofunguka

Kipimo cha kwanza cha mnunuzi ni rahisi. Mashine ipashwe moto, ipelekwe mahali palipo wazi na panaporuhusiwa, ipewe mafuta yote, kisha atazame mizunguko. Inatakiwa ifike kwenye namba ya kitabu na kukaa hapo bila kuyumba. Ikikaa chini, ama vyuma ni vizito kuliko inavyofaa au injini imedhoofika.

Ikifika kwenye namba, wengi hutoa fedha. Hapo ndipo wanapokosea. Injini iliyochakaa pistoni inaweza kufikishwa kwenye namba sahihi kwa kuipunguzia mzigo tu, yaani kufunga vyuma vyepesi. Saa ya mizunguko itasoma vizuri na nguvu haipo. Kinachofichua ni vyuma vyenyewe. Vimepigwa chapa ya namba au uzito, na watengenezaji hutoa jedwali la vyuma, springi na heliksi kwa kila urefu wa mahali. Fundi akifungua kifuniko cha pembeni akasoma chapa, na vyuma vikawa vyepesi kuliko jedwali linavyosema kwa mahali hapo, huku injini inafika kwenye namba bila kuipita, basi kuna nguvu iliyopotea na mnunuzi atafute imekwenda wapi. Apime kompresheni ya kila silinda. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, mazungumzo ya bei yaanze upya.

Kinyume chake pia kipo. Vyuma vizito kuliko vya kiwandani, na bado mizunguko inafika, humaanisha injini ina nguvu zaidi ya ilivyotoka nayo. Kwenye Sidewinder na Thundercat hilo ni la kawaida, kwa sababu wengi hubadilisha programu ya kompyuta ya injini ili tabo isukume zaidi. Mashine hiyo itakwenda mbio kweli. Ila itahitaji petroli ya daraja la juu, haina tena dhamana, na kwa upande wa Marekani kuchezea mfumo wa hewa chafu ni kosa chini ya Sheria ya Hewa Safi. Kuibeba mpakani kama bidhaa ni kubeba swali la afisa.

Ski-Doo nyingi za zamani zenye klachi ya TRA zina skrubu zenye namba 1 hadi 6, ambapo kila hatua hubadilisha takribani mizunguko 200. Skrubu zote lazima ziwe kwenye namba moja. Zikitofautiana, aliyezigusa hakujua alichokuwa anafanya, na pengine si hapo tu alipogusa.

Mkanda nao husema mengi. Uliochakaa upande mmoja unaonyesha klachi hazijanyooka, au raba za kushikilia injini zimelegea. Wenye doa lililong'aa umeunguzwa mahali pamoja mashine ikiwa imekwama. Baada ya mwendo wa dakika chache, injini ikizimwa na kifuniko kufunguliwa, klachi isiwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika hata kidogo. Mkanda mpya huzidi dola 100 na hubadilishwa kwa dakika tano. Klachi yenye bushi zilizokwisha na sahani zenye mifereji ni gharama nyingine kabisa.

Kona

Kwa kushika njia, mashine nyepesi ya mipigo miwili huishinda ile nzito yenye tabo. Sidewinder inaizidi MXZ 850 kwa makumi ya kilo, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, juu ya ski. Kwenye njia ya vichaka yenye kona fupi, mpandaji wa Sidewinder huchoka mapema. Ski-Doo ilianza mtindo wa kumsogeza mpandaji mbele katika fremu ya REV ya 2003, na wengine wote wakafuata, kwa hiyo mashine ya kabla ya hapo, hata iwe na kasi gani, itauzwa kwa wakongwe na wakusanyaji.

Kwenye mashine iliyotumika cha kutazama ni mikono ya mbele kama imepinda, ncha za chuma chini ya ski, na shokamzoba zinazovuja. Anayesukuma ski kwa mguu akasikia mchezo kwenye maungio asipuuze.

Mpakani

Mtalii hupita na pikipiki yake kwa matembezi na kurudi nayo. Anayevuka na mashine ya kuuza ni mwagizaji, na akijieleza kama mtalii anaweza kupoteza mashine na trela pamoja. Kwenye orodha ya ushuru ya kimataifa chombo hiki kiko chini ya 8703.10. Kanada hutoza GST ya asilimia 5 kwenye uagizaji. Ushuru kati ya nchi hizi mbili umebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2025, hivyo wakala wa forodha aulizwe kabla ya kulipa fedha, si baada ya kufika foleni.

Marekani huangalia lebo ya hewa chafu ya EPA, kwa kuwa viwango vya pikipiki za theluji vilianza na toleo la 2006. Lebo iliyobanduka ni sababu ya kuacha mashine ilipo. Namba ya fremu ina tarakimu 17 na lazima ilingane na karatasi. Minnesota huandikisha pikipiki za theluji kupitia idara ya maliasili wala haitoi hati ya umiliki kama ya gari, kwa hiyo risiti ya mauzo yenye sahihi ni muhimu mno. Quebec kuna daftari la madeni la RDPRM, ambako mtu huangalia kama mashine bado ni dhamana ya mkopo. Anayeruka hatua hiyo anaweza kununua deni la mtu.

Kwa msafirishaji, ski zifungwe pamoja na bampa ya nyuma, zote mbili, maana chombo kilichofungwa mbele peke yake hucheza njia nzima. Trela la wazi kwenye barabara iliyomwagwa chumvi linahitaji kifuniko cha mashine, la sivyo klachi zinafika zimeshaanza kutu.

Anayenunua Julai hupata bei nzuri kuliko wote, ila hawezi kuijaribu mashine. Anaweza kufungua kifuniko, kusoma chapa za vyuma, kupima kompresheni na kutazama mkanda, na bei aitoe kwa hayo.