KWA NINI MAJI YA MTO NZOIA HUPIMWA

Mto Nzoia hupata maji yake katika milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Hukusanya mito ya Kitale na ya Bungoma, huanguka penye maporomoko ya Nabuyole karibu na Webuye, kisha hushuka mpaka Budalangi na kuingia katika Ziwa Viktoria. Kwa hiyo mvua inyeshayo juu ya mashamba ya Lugulu haiishii Lugulu. Baada ya muda, maji yake hufika penye kuta za udongo zilizojengwa kuwakinga watu wa Budalangi. Mwezi wa Mei, 2020, kuta hizo zilibomoka, na maelfu ya watu wakayahama makao yao.

Basi, maji hupimwaje? Kando ya mto husimamishwa ubao wenye alama za mita na sentimita. Mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo huutazama asubuhi na jioni, akaandika kimo cha maji. Lakini kimo peke yake hakitoshi. Mafundi hupima pia upana na kina cha mto, na mwendo wa maji kwa chombo kinachozungushwa na mkondo. Kwa mfano, mto wenye upana wa mita 40 na kina cha mita 2, ukienda mita 1 kila sekunde, hupitisha mita za ujazo 80 kila sekunde. Kazi hiyo hurudiwa wakati wa masika na wa kiangazi, mpaka ijulikane kila kimo ni sawa na maji kiasi gani. Mafuriko yakibadili sakafu ya mto, hapana budi kupima upya.

Watabiri wa mafuriko hutumia kompyuta kukadiria mvua fulani itajaza mto kiasi gani. Makadirio hayo hulinganishwa na maji yaliyopimwa kweli. Yakikosea, hesabu husahihishwa. Vipimo vilivyofungiwa kabatini havimsaidii mtabiri.

Tena mito haijui mipaka. Malakisi na Malaba hutoka Elgon na kuingia Uganda; kipimo cha Kenya ni onyo kwa jirani. Huko Koblenz, Ujerumani, ipo ofisi iliyoanzishwa mwaka 1988 kukusanya vipimo vya mito ya dunia. Mwaka 2024 wataalamu wa Google walieleza jinsi walivyotumia vipimo vya vituo 5,680, vingi vikitoka katika ofisi hiyo, kufundisha kompyuta kutabiri mafuriko hata katika mito isiyo na vipimo.

Wenyeji nao wana sehemu yao. Ubao wa kupimia using'olewe, wala usifungiwe ng'ombe au mtumbwi. Ukionekana umeinama au umezikwa na matope, yafaa chifu aarifiwe mara moja, kabla ya mvua kubwa. Onyo likifika Budalangi mapema, watu hupata nafasi ya kuwahamisha watoto, mifugo na akiba ya chakula.