Damu ya Mwezi Inapozidi: Kungoja au Kwenda?

Ukitoka mjini Goma kwa barabara ya Sake, ziwa Kivu likiwa upande wako wa kushoto, wafika Mugunga. Ni mahali pa mawe meusi, mawe ambayo zamani yalitiririka kama uji wa moto kutoka milima ya volkano. Juu ya mawe hayo watu wengi wamelala chini ya turubai. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa hapo kwa maelfu na maelfu, mpaka kambi yao ilipovunjika Novemba 1996. Tangu mwaka 2007 wakaja Wakongo wenyewe wakikimbia vita vya Masisi na Rutshuru, na wengine wengi wakafuata vita vya M23 viliporudi mwaka 2022. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za upande huo, yakaua wanawake na watoto. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mji ukatwaliwa na M23, kambi zikabomolewa, na watu wakaambiwa warudi makwao.

Twayakumbusha hayo kwa sababu moja. Katika maisha ya namna hiyo hedhi, ambayo Muumba aliiweka iwe jambo la kawaida, hugeuka kuwa mzigo. Vitambaa ni haba, maji huchotwa kwa foleni, choo ni cha watu wengi. Mama huficha kikwembe chake, hukifua gizani, hukianika mahali pasipo jua, wala hamwambii mtu. Basi siku damu inapotoka kupita kiasi, hakuna ajuaye; mara nyingine hata yeye mwenyewe hajui ni kiasi gani imemtoka. Hapo ndipo ilipo hatari tunayotaka kuisema leo waziwazi, nanyi akina baba msifunue ukurasa mwingine, maana neno hili ni lenu pia.

Kwanza tuseme lililo la kawaida. Mwanamke mzima hupata siku zake kila baada ya siku 24 hadi 38, na damu hutoka kwa siku 8 au pungufu. Hedhi nzima kwa kawaida humpunguzia damu ya vijiko vikubwa viwili au vitatu tu. Madaktari wa zamani waliweka mpaka kwenye mililita 80, yaani vijiko vitano na nusu hivi. Lakini ni mama gani apimaye damu yake kwa kijiko? Kwa hiyo madaktari wa siku hizi huuliza zaidi: damu hii yakuzuia nini? Je, waacha kwenda shambani, sokoni, shuleni, kanisani?

Mama anayebadili kitambaa kila saa mbili, anayeamka usiku kubadili, anayetokwa na mabonge makubwa kuliko kizibo cha chupa ya soda, au ambaye siku zake hupita 8, huyo damu yake imezidi. Hana haja ya kukimbizwa usiku, lakini aende kituo cha afya juma hilo hilo apimwe damu. Asiseme, «Ndivyo ilivyo katika ukoo wetu, hata mama yangu alikuwa hivi.» Yawezekana mama yake naye alikuwa mgonjwa wala hakutibiwa.

Sasa tuje kwenye damu isiyongoja. Kipimo chake ni kitambaa na saa. Ikiwa pedi nzima, au kitambaa kilichokunjwa vizuri, chalowa kabisa ndani ya saa moja, kisha cha pili nacho chalowa ndani ya saa inayofuata, mama huyo aende kwa mganga saa hiyo. Asiye na saa na atumie chungu chake. Maharagi yahitaji saa mbili hivi kuiva. Ikiwa kati ya kuyateleka na kuyaepua amebadili vitambaa viwili vilivyolowa chapachapa, basi ayaache maharagi kwa mwingine, aondoke. Tena asiulize kama ana maumivu au hana. Damu nyingi huweza kutoka bila tumbo kuuma hata kidogo.

Pamoja na kuhesabu vitambaa, mwili wenyewe husema. Kizunguzungu anaposimama, kuzimia, hata mara moja tu, moyo kwenda mbio ingawa amelala, kuhema kama aliyepanda mlima, maumivu ya kifua, jasho la baridi, viganja, midomo na ndani ya kope kuwa vyeupe, maneno kuanza kuchanganyika. Ukiona mojawapo ya hayo pamoja na damu nyingi, usihesabu tena vitambaa. Mshike mkono penye mshipa, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja: mtu mzima aliyetulia hupata 60 hadi 100. Yakipita 100 naye amelala kimya, mwili unapigana.

Na mwili wa kijana hudanganya. Msichana mwenye nguvu aweza kupoteza damu nyingi akaendelea kusema na kutembea, kwa kuwa mishipa yake hujikaza na moyo hukimbia ili kufidia. Kisha, nguvu hizo zikiisha, huanguka ghafula. Kwa hiyo «mbona anatembea» si neno la kumtuliza mtu.

Jambo jingine la Mugunga, na la mahali pengi kama hapo, ni kwamba wengi huianza hedhi wakiwa na damu kidogo tayari. Malaria huiharibu damu, safura huinyonya, na chakula cha muhogo mtupu hakiirudishi. Wekundu wa damu, ambao waganga huuita hemoglobini, kwa mwanamke asiye na mimba wapaswa kufika gramu 12 katika desilita moja. Ukishuka chini ya 8, upungufu ni mkubwa. Tuseme wako dada wawili, mmoja ana 13 na mwingine ana 8, na wote wawili wamepoteza damu sawasawa usiku mmoja. Wa kwanza atachoka. Wa pili aweza asiione jumapili. Kwa hiyo mama aliyekwisha kuambiwa kituoni kwamba damu yake ni pungufu asitumie kipimo cha jirani yake. Yeye aende mapema zaidi.

Iko damu ambayo watu huiita hedhi, kumbe siyo. Mwanamke aliyekosa mwezi mmoja au miwili, kisha damu ikaja kwa nguvu pamoja na maumivu ya tumbo, huenda ana mimba inayoharibika. Au mimba imetunga nje ya mji wa mimba, na mrija umepasuka. Katika hali hii ya pili damu inayoonekana nje yaweza kuwa kidogo sana, huku tumbo lajaa damu ndani. Maumivu huwa upande mmoja, na mara nyingine huchoma hata begani. Hapo hakuna vitambaa vya kuhesabu. Ni kwenda hospitali yenye daktari wa kupasua. Kadhalika damu nyingi baada ya kujifungua, hata zikiwa zimepita siku au majuma, na damu yenye harufu mbaya pamoja na homa.

Tena kuna jambo tusilopenda kulitaja, lakini nchi ya Kivu yalijua kwa uchungu. Damu baada ya kunajisiwa kwa nguvu si hedhi, ni jeraha. Mwanamke au mtoto huyo apelekwe upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kukinga virusi vya Ukimwi hufaa ndani ya muda huo tu, na kadiri inavyowahi ndivyo ifaavyo. Mjini Goma hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa mwaka 2000 na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn, imewapokea wengi wa namna hiyo.

Walimu na wazazi wa wasichana, sikilizeni hili. Mwaka 1926 daktari Erik von Willebrand wa Finland aliandika habari za jamaa moja ya visiwa vya Åland, ambao damu yao haikugandi upesi. Mtoto wa kike aliyeletwa kwake kwanza alikuwa mdogo wa miaka 5, mwenye kutoka damu puani na midomoni. Hakufa kwa jeraha. Alipobalehe, alikufa kwa kutoka damu katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa huo leo una jina la daktari yule, nao hauko Ulaya tu. Basi binti ambaye siku zake za kwanza kabisa ni za mafuriko, naye tangu utoto hutoka damu puani kwa muda mrefu, au alitoka damu siku nzima alipong'olewa jino, au huvia damu mwilini bila kugongwa, apelekwe kwa daktari na kuambiwa yote hayo. Bibi akisema, «Mjukuu wangu, wasichana wote huanza hivyo,» tumheshimu bibi, lakini tuhesabu vitambaa.

Nini hutuchelewesha? Fedha, njia, na aibu. Juu ya aibu, wasomaji wetu wamkumbuke yule mama wa Injili ya Marko aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, kisha akaja kwa kujificha nyuma ya umati. Aliitwa mbele ya watu wote, wala hakukemewa. Juu ya njia, Mugunga si mbali na mji kwa mchana, ila usiku ni mbali sana. Risasi, giza, na pikipiki zisizotaka kutoka. Kwa hiyo uamuzi ufanywe jua likiwa juu. Mama aliyelowesha vitambaa mchana kutwa asijipe moyo ifikapo saa kumi jioni kwamba labda itapungua; ashauriane na watu wa nyumbani saa hiyo, angali na njia. Lakini hatari ikija usiku, na atafutwe mwenye pikipiki aliye jirani, au mganga wa kituo kilicho karibu, maana kituo huweza kumtia maji ya mshipani na kuipigia simu hospitali. Mume akiwa safarini, mama asingoje ruhusa yake. Nanyi waume, itoeni ruhusa hiyo leo, kabla ya safari.

Kwenye pikipiki asiketi peke yake nyuma, kwa kuwa akizimia ataanguka. Akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma. Akingoja, alale chini, miguu iinuliwe juu ya mzigo, afunikwe. Ahesabiwe vitambaa alivyotumia, na hesabu hiyo aambiwe mganga, pamoja na tarehe ya hedhi iliyotangulia na dawa anazotumia, kama sindano au kitanzi cha kuzuia mimba, kwa sababu hivyo navyo huweza kuleta damu. Ndugu wawili watatu wenye afya wafuatane naye, maana mara nyingi hospitali huomba jamaa watoe damu ya kurudisha ile iliyotiwa mgonjwa.

Asimeze aspirini, hiyo huzidisha kutoka damu. Wala asitiwe majani au kitu chochote ndani ili kuziba. Kuziba mlango hakuzimi moto wa nyumbani, na uchafu ukiingia huleta homa ya kuua.

Hospitalini watapima damu yake, watauliza na kupima kama ana mimba, na wakiona hatari watamtia damu. Yako madawa ya kuzuia. Moja, asidi ya traneksami, ilitangazwa mwaka 1962 na Wajapani wawili, mume na mke, Shosuke na Utako Okamoto, ambao shabaha yao ilikuwa hasa kuwaokoa wazazi wanaotoka damu. Mwaka 2017 majaribio makubwa katika nchi nyingi, na za Afrika zikiwamo, yalithibitisha kwamba huwaokoa waliojifungua, mradi itolewe ndani ya saa 3. Kwa hedhi nzito pia hupunguza damu. Ila haifai kwa aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, kwa hiyo isinunuliwe sokoni kama chumvi. Baadaye daktari atatafuta chanzo: uvimbe katika mji wa mimba, homoni zisizo sawa, ugonjwa wa damu, au saratani. Juu ya saratani twataja neno moja: mama aliyekoma hedhi mwaka mzima, kisha akaona damu tena, hata tone, asifurahi kwamba ujana umerudi. Na apimwe mapema.

Akirudi nyumbani atapewa vidonge vya chuma. Dada wengi huviacha baada ya juma moja kwa sababu choo huwa cheusi. Hilo si ugonjwa, ni chuma chenyewe. Yapasa kuvitumia kama miezi mitatu hata baada ya nguvu kurudi, vinywewe na maji ya ndimu au chungwa, chai ingojee saa moja au mbili. Sambaza wa ziwani, maini, maharagi na lengalenga husaidia, ingawa peke yake havitoshi kwa aliyepungukiwa sana. Na vidonge hivyo viwekwe juu, mbali na mikono ya watoto, kwa kuwa mtoto akivila kama peremende vyaweza kumwua.